Mashauri ya Nyumbani: Mtembea Bure si Sawa na Mkaa Bure



Katika pwani yetu hii, tangu Saadani na Winde hata Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo kufuata ufuko mpaka Kunduchi na Dar es Salaam, iko desturi moja njema ambayo hata wageni huisifu, nayo ni heshima ya wazee. Mzee akiingia, kijana huondoka kitini. Mzee akishika ndoo, mjukuu huipokea. Mama mkwe akishika ufagio, mkaza mwana huona haya, husema, “Keti, mama, watu watanicheka.” Naye mtoto wa kiume aliyepata kazi mjini, jambo la kwanza alifanyalo ni kumjengea mama yake nyumba ya matofali, kumvutia maji ya bomba mpaka uani, na kumnunulia kiti kizuri chenye mto. Kisha humwambia, “Mama, umetutumikia vya kutosha. Sasa kazi yako ni kukaa.”

Hatuna la kulaumu katika mapenzi hayo. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na mtoto aitimizaye kwa mali yake hakosi thawabu. Walakini mwezi huu twataka kuuliza swali moja, nalo ni hili: je, kumketisha mzee siku kutwa ndiko kumheshimu? Maana wako watu wenye elimu ya mwili na ya ubongo waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na sehemu ya uchunguzi wao waliifanya hapa hapa Tanzania. Yale waliyoyaona hayana budi kutufikirisha sisi wenye wazee nyumbani.

Wa kwanza tutakayemtaja ni Bwana David Raichlen, profesa wa Chuo Kikuu cha Southern California, katika mji wa Los Angeles, Marekani, ambaye hapo kwanza alifundisha katika Chuo Kikuu cha Arizona. Elimu yake ina pande mbili zilizofungamana: upande mmoja, jinsi mwili ufanyavyo kazi mtu atembeapo na akimbiapo; upande wa pili, jinsi kazi hiyo ya mwili iugusavyo ubongo. Alitaka kujua mwili wa mwanadamu wafaana na maisha ya namna gani. Basi hakuridhika kuwapima watu wa mjini tu, ambao huamka kitandani, hupanda motokaa, hukaa ofisini, na jioni hukaa tena mbele ya televisheni. Yeye na wenzake, miongoni mwao Bwana Herman Pontzer na Mtanzania mwenzetu Profesa Audax Mabulla, bingwa wa elimu ya mambo ya kale, walikwenda kufanya kazi kwa Wahadzabe.

Wahadzabe wakaa mbali na pwani yetu, kaskazini ya nchi, kandokando ya Ziwa Eyasi, kusini-magharibi ya Ngorongoro. Ni kabila dogo, watu wapatao elfu moja na kidogo tu. Baadhi yao, si wote, hata leo hupata riziki kwa kuwinda kwa upinde, kurina asali, kuchimba mizizi, na kuchuma matunda na ubuyu. Zamani watu wengi waliwatazama kwa dharau, wakidhani kwamba asiye na shamba wala ng'ombe hana la kumfundisha mwenziwe. Haifai Mkristu kufikiri hivyo, na mambo tutakayoyaeleza yaonyesha kwamba wenye vyuo vikuu walikwenda kwao kama wanafunzi.

Jambo la kwanza lilitolewa habari zake mwaka 2012. Wahadzabe 30, wanaume kwa wanawake, walinyweshwa maji yaliyotiwa alama isiyodhuru. Na alama hiyo ikipimwa katika mkojo huonyesha mwili umetumia nguvu kiasi gani. Tena njia zao zilipimwa, ikaonekana kwamba mwanamume hutembea kama kilomita 11 kwa siku, na mwanamke kama kilomita 6. Wachunguzi walitazamia kuona kwamba watu hao hutumia nguvu nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya. Lakini ilipokwisha kuhesabiwa tofauti ya ukubwa wa miili, nguvu walizotumia kwa siku zilikuwa sawasawa. Wachunguzi wakastaajabu. Mwili wa mtu atembeaye sana hujua kubana matumizi mahali pengine, kama mama wa nyumba mwenye busara asiyepitisha kiasi alichopewa kwa mwezi.

Twaona maana ya jambo hili. Watu wengi hudhani kwamba faida ya kutembea ni kupunguza unene, basi, na aliye mwembamba husema, “Mimi sina haja.” La, sivyo. Faida kubwa ya miguu iko mahali pengine.

Mwaka 2017 Bwana Raichlen na wenzake walitoa habari ya pili. Safari hii waliwavalisha Wahadzabe vyombo vya kupima mapigo ya moyo. Wakaona kwamba katika siku moja watu wale huwa katika mwendo wa kuuamsha moyo, yaani kutembea kwa haraka, kupanda, kuchimba na kuchukua mizigo, kwa muda wa dakika 135 hivi. Kumbukeni kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lawataka watu wazima wafanye mwendo wa namna hiyo dakika 150 au zaidi kwa juma zima. Kiasi ambacho sisi twaombwa kukitimiza kwa siku saba, wao hukaribia kukimaliza kwa siku moja. Na walipopimwa damu na mishipa yao, presha ya damu ilikuwa haba hata kwa wenye umri mkubwa, wala hazikuonekana dalili za magonjwa ya moyo yanayowasumbua watu wa mijini.

Jambo la tatu ndilo lililotupendeza kuliko yote, nalo lilitolewa mwaka 2020. Mtu aweza kusema, “Wahadzabe hawapumziki, maskini, wazee wetu wamestahili kupumzika.” Basi, watu 28 walifungwa mapajani chombo kidogo chenye kuandika habari za kila saa: sasa amesimama, sasa atembea, sasa ametulia. Ikaonekana kwamba Wahadzabe hupumzika sana! Kwa siku, wakiwa macho, hutulia muda wa karibu saa 10, sawasawa na watu wa mijini. Tofauti iko katika namna ya kutulia. Wao hawana viti. Huketi chini, hupiga magoti, huchuchumaa. Na mtu aliyechuchumaa misuli ya miguu yake hailali, bali hufanya kazi kidogo kidogo wakati wote. Aketiye katika kiti chenye mto, misuli yake imelala usingizi kabisa. Kumbe kupumzika si kosa. Kilichoharibika ni pumziko lenyewe, tulipolikabidhi kwa kiti.

Sasa msomaji atauliza, “Yote hayo ni habari za moyo na misuli. Akili yahusikaje?” Twaja huko.

Ubongo wa mtu mzima uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili. Walakini mtu akiwa ametulia, ubongo hula kama sehemu 20 katika 100 za nguvu zote zitumikazo mwilini. Ni mgeni mwenye umbo dogo na sahani kubwa. Chakula chake huletwa na damu, na damu husukumwa na moyo. Na mtu atembeapo, misuli ya miguu hubana mishipa na kuisaidia damu kupanda kurudi moyoni. Tena mwili ukiwa katika mwendo, ubongo hutengeneza kwa wingi protini fulani zinazozisaidia seli za ubongo kuishi na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1999 wachunguzi wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa gurudumu la kukimbilia walipata seli mpya nyingi za ubongo kuliko panya wasiokuwa nalo, na kujifunza kwao kulikuwa kwepesi zaidi.

Ndani sana ya ubongo, upande wa kuume na upande wa kushoto, iko sehemu ndogo iliyopindika mfano wa yule samaki mdogo aitwaye farasi wa bahari, ambaye wavuvi wetu humwona katika nyasi za majini. Wataalamu huiita hipokampasi, nalo ni jina lililotokana na samaki huyo kwa Kiyunani. Hapo ndipo mambo mapya yanapotiwa kabla ya kuwekwa akibani: nani amekuja leo, fedha nimeziweka wapi, njia ya kurudi nyumbani ni ipi. Kwa uzee sehemu hiyo husinyaa, na kwa mwenye ugonjwa wa kusahau husinyaa kwa upesi zaidi.

Mwaka 2011 Bwana Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walitoa habari ya wazee 120 waliogawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza walitembea dakika 40, siku 3 kwa juma, kwa muda wa mwaka mmoja. Fungu la pili walikutana vivyo hivyo, lakini wao walinyoosha viungo tu pasipo kutembea. Ubongo wao ulipigwa picha kwa mashine, mwanzo na mwisho. Katika wale walionyoosha viungo tu, hipokampasi ilipungua kwa 1.4 katika 100. Katika wale waliotembea haikupungua, bali iliongezeka kwa 2 katika 100, kana kwamba wamerudishiwa mwaka mmoja au miwili ya uzee wao. Angalieni, ndugu: hawakupewa dawa, wala hawakukimbia mashindano. Walitembea tu.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 2017 Bwana Raichlen, pamoja na Bwana Gene Alexander, bingwa wa mambo ya ubongo na akili, walitoa maelezo yao. Wasema kwamba tangu kale mwanadamu alitafuta chakula kwa miguu na kwa akili pamoja. Atembeapo, hukumbuka mti uliozaa mwaka jana, hupima jua, hutazama nyayo, hukumbuka njia ya kurudi. Kwa hiyo mwili ulizoea kwamba miguu ikianza kazi, akili yahitajiwa, na chakula cha ubongo kiongezwe. Na miguu isipoitwa kazini, mwili wenye kubana matumizi husema, “Huko hakuhitajiwi kitu,” na ubongo hupunguziwa posho yake. Hayo ni maelezo ya wataalamu ambayo wengine wanaendelea kuyapima, lakini yafaana na mengi yaliyoonekana.

Sisi wa Bagamoyo tunao mfano wetu wa kuyafahamu. Zamani njia ya misafara iliondoka hapa kwenda Ujiji, na wapagazi kwa maelfu waliikanyaga wakiwa na mizigo kichwani na mabegani. Haikuhitaji kupaliliwa, kwa kuwa nyayo zenyewe ziliipalilia. Kisha reli ikajengwa kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914. Misafara ikakoma, nayo majani yakaota njiani. Hakuna aliyekwenda kuifunga njia ile. Ilikosa miguu tu.

Habari ya mwisho ni ya mwaka 2023, nayo pia iliongozwa na Bwana Raichlen. Watu 49,841 wa Uingereza, wenye miaka 60 na zaidi, ambao hawakuwa na ugonjwa wa kupotewa na akili, walivalishwa mkononi chombo cha kuandika mwendo wao kwa siku saba. Kisha afya yao ikafuatwa kwa miaka zaidi ya sita. Ilionekana kwamba waliokaa kitako chini ya muda wa saa 10 kwa siku hawakuwa na hatari iliyozidi. Lakini kupita hapo hatari ilianza kupanda. Kwa waliokaa saa 12 ilizidi kwa zaidi ya nusu, na kwa waliokaa saa 15 ilikuwa kama mara tatu, wakilinganishwa na waliokaa kwa kiasi cha wastani.

Hapa yatupasa kusema kweli bila kuongeza chumvi. Uchunguzi wa namna hiyo huonyesha kwamba mambo mawili yafuatana. Hauonyeshi peke yake kwamba moja ndilo lililozaa la pili. Yawezekana mtu aliyekwisha kuanza kuugua pasipo kujulikana hukaa sana kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Tena ugonjwa wa kupotewa na akili una sababu nyingi: umri, mambo ya ukoo, presha ya damu, kisukari, na maradhi ya mishipa. Wako waliotembea maisha yao yote na hata hivyo wakaupata. Kwa hiyo mtu yeyote asimtazame mgonjwa na kumwambia, “Ungalitembea usingaliugua.” Neno hilo si la kweli, wala si la huruma.

Wala ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao. Mwaka 2013 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, kati ya wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Ilionekana kwamba kama 6 katika 100 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na akili. Basi katika kila kundi la wazee wetu waketio kanisani, huenda yumo mmoja au wawili. Na kwa kuwa ugonjwa haukujulikana, watu walitunga majina yao wenyewe. Bibi akisema maneno yasiyofuatana, akitoka usiku asijue aendako, akimwita mjukuu kwa jina la marehemu, wengine hunong'ona kwamba ni mchawi. Twasema kwa sauti: huyo si mchawi, ni mgonjwa. Katika nchi yetu wako akina bibi waliouawa kwa neno hilo, na damu yao iko juu ya waliolinong'ona kama iko juu ya waliowapiga. Nyumba ya Kikristu isiruhusu mnong'ono huo hata mlangoni. Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali, tena alindwe, apendwe, asifungiwe chumbani.

Sasa turudi kwa wale walio wazima bado, maana kwao ndiko shauri letu. Twafanyaje ili tuwaheshimu bila kuwadhuru?

Kwanza, tusiwanyang'anye kazi zote. Mzee ambaye hakuna amtumaye wala amhitajiye husinyaa moyo kabla ya kusinyaa mwili. Mwachieni bibi kuku zake awalishe asubuhi na kuwafungia jioni. Mwachieni kitalu cha mchicha nyuma ya nyumba. Akitaka kufagia uwanja wake, mkaza mwana asione haya. Na jirani akicheka, aambiwe sababu. Mama wa pwani aliyezoea kushuka ufukoni maji yakipwa ili kuokota chaza na kombe, kwa nini azuiliwe kabisa, kama miguu yake ingali na nguvu na yuko wa kufuatana naye? Wahenga wa pwani walisema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Leo twaweza kuongeza kwamba huenda na akili yake pia isikauke upesi.

Pili, mzee atembee kila siku kwa kiasi cha nguvu zake. Anayeanza, aanze kwa dakika 10, asubuhi kabla ya jua kuwa kali au jioni likipunga. Aongeze kidogo kidogo kila juma. Mwendo ufaao ni ule ambao mtu aweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Waishio mjini Bagamoyo wanayo ile njia ya miembe iendayo misheni, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka makao mwaka 1868. Kivuli chake chatosha. Wa Kaole, Mlingotini na Mbweni wanao ufuko mgumu maji yakipwa. Aendaye Misa kwa miguu, akiweza, asione kwamba amekosewa heshima kwa kuwa hakuletewa pikipiki.

Tatu, asitembee peke yake, bali atembee na mjukuu, na waende wakizungumza. Tumekwisha kuona kwamba miguu na akili vyafaa kufanya kazi pamoja. Babu amweleze mtoto majina ya miti na dawa zake, majina ya pepo za kaskazi na kusi, nani alikuwa na shamba hili, na wapi kilikuwa kisima cha zamani. Katika safari moja mzee amezoeza kumbukumbu zake, na mtoto amepata elimu asiyoweza kuipata kitabuni. Na mzee akijikwaa, yuko wa kumshika.

Nne, tuangalie namna ya kukaa. Hatusemi viti vitupwe. Lakini mzee ambaye magoti yake hayamwumi, na aliyezoea mkeka, asilazimishwe kuuacha kwa sababu wageni wamekuja. Kwa maana kila ainukapo mkekani misuli yake imepata zoezi. Aketiye kitini ainuke mara kwa mara: akapokee barua mlangoni, akanywe maji mtungini, akawatazame wacheza bao pale barazani. Na hao wacheza bao nao, mchezo ukiisha, wasianze mwingine kabla ya kuzunguka mtaa mara moja.

Tano, tuwe na hadhari. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kukosa pumzi, mwenye miguu iliyovimba, mwenye presha au kisukari kisichotulia, aonane na daktari kwanza. Mkongojo si aibu. Viatu viwe vya kushika mguu, si vya kuteleza. Tena tusigeuze shauri hili kuwa ruhusa ya kuwatwika wazee mizigo tusiyotaka kuichukua sisi. Kumwacha bibi alishe kuku wake ni heshima; kumwacha atwange nafaka ya nyumba nzima huku vijana wakitazama simu ni dhuluma. Kila mmoja ajipime moyoni ni lipi analolifanya.

Neno kwa waalimu. Sheria hii ya miguu na akili si ya wazee peke yao. Mwaka 2009 Bwana Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua watoto 20 wenye umri wa miaka 9 na 10 hivi. Siku moja walikaa kimya, kisha wakapewa maswali. Siku nyingine walitembea dakika 20, wakaachwa mioyo itulie, kisha wakapewa maswali. Walipokuwa wametembea, walikaza fikira vizuri zaidi, na kufahamu waliyosoma kulizidi. Basi iko adhabu moja ambayo twaomba iachwe katika shule zetu: yule mtoto mzito wa kusoma kuzuiliwa darasani wakati wenziwe wachezapo, ili anakili maneno aliyokosa. Pengine ndiye aliyehitaji mchezo kuliko wote. Walakini tusitie jambo hili chumvi pia. Mtoto atokaye mbali sana, mwenye njaa, jua likiwa utosini, hatumsifii mwendo wake. Huyo ahitaji uji kwanza, kisha shule iliyo karibu.

Huenda baba mmoja akasema, “Lakini mama yangu amechoka. Alilima, alizaa, alichota maji miaka 50. Hata kutembea kwa dakika 10 nimwombe?” Swali hilo ni la mtoto mwema, nasi hatulidharau. Jibu letu ni kwamba kazi aliyoifanya kwa kulazimishwa na shida, hiyo na iishe. Asichote tena, asitwange tena. Twamwombea kitu kingine: hatua za jioni katika upepo wa bahari, pasipo ndoo kichwani, mkono wake umeshikwa na mjukuu. Mama huyo maisha yake yote hakupata nafasi ya kutembea pasipo mzigo. Ni zawadi ambayo hakuna duka liiuzalo, na mwana aliyemnunulia kiti aweza kumpa na hiyo pia, akija siku ya Dominika kumwamkia, akamwinua, wakaenda pamoja mpaka kwenye mnazi wa tatu na kurudi.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kuchukua mfano wake kwa wakimbiao mashindanoni, wala kuwaambia kwamba mwili ni hekalu. Hekalu hufunguliwa madirisha, hufagiwa, watu huingia na kutoka. Likifungwa siku zote, hata kwa heshima, huingia popo. Basi, ndugu zetu, katika juma hili kila nyumba na ihesabu saa ambazo mzee wake hukaa tangu kuamka hata kulala. Zikiwa nyingi, msimlaumu yeye. Tazameni ni nani aliyemketisha, kisha mpeni mkono ainuke.

Mungu awajalie wazee wetu miguu yenye nguvu na kumbukumbu njema, wazidi kutuhadithia yale ambayo bila wao hatungeyajua.